Binti anataka kusoma falsafa: tumjibu nini?

Jumapili moja, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa chama chetu alibaki kwenye benchi wakati wengine wanakunja vitenge na kuagana. Tulijua ana neno. Kando yake alikaa binti yake wa pili, yule aliyepata diploma ya Serikali mwaka uliopita, mtoto mpole ambaye wengi wenu mmemwona akiwafundisha wadogo alifu na bee juu ya mkeka.

"Mama zangu," akasema yule mama, "nisaidieni na huyu mtoto. Baba yake anataka asome uuguzi. Mimi nilisema hata kompyuta ni sawa. Yeye anasema anataka kusoma falsafa ya wanazuoni wa zamani wa Kiislamu, na kuandika kwa kalamu ya tete. Kalamu ya tete! Itamlisha nini, katika Bunia hii?"

Tulicheka kidogo. Kisha tukanyamaza, kwa sababu binti hakucheka.

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Kama mnavyojua, sanduku letu la masomo linaweza kubeba mtoto mmoja kwa mwaka, na mwaka huu walioomba walikuwa wawili: huyu, na binti mwingine anayetaka kuwa mkunga. Katika mji ambao kila mmoja wetu anamjua mama aliyepotea kwenye uzazi, nani atainua mkono kwa ajili ya kalamu ya tete? Lakini tulijua pia kwamba kumjibu mtoto "hapana" bila kujua anachoomba ni kumfukuza. Tukaahirisha kura kwa wiki tatu, nasi tukaenda kuuliza. Tuliwauliza walimu wa madrasa, tulisoma tulichoweza kupata, na zaidi tulimuuliza yeye mwenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Maneno tuliyonayo mdomoni

Wengi wetu tulidhani falsafa ni kitu cha watu wenye miwani kule Ulaya. Binti alituanzia na midomo yetu wenyewe. "Mama," akamwambia mmoja wetu, mke wa katekista, "sema sentensi yoyote kuhusu mtu mwenye busara bila kutumia akili, elimu, fikira, sababu, maana, adabu, haki wala hekima." Mama alijaribu. Alifika mahali akakwama, akapiga makofi akacheka. Maneno yote hayo yalitoka Kiarabu yakaingia Kiswahili, na wale wanazuoni wa zamani waliyatumia katika vitabu vyao, waliyapima na kuyagombania. Mama anayesali kanisani Mudzipela na mama anayeswali msikitini, Mhema, Mlendu, Mwalur au Mnande, wote wakimkanya mtoto wanamwambia "tumia akili". Hakuna anayeuliza neno hilo lilitoka wapi.

Neno falsafa lenyewe Waarabu walilichukua kwa Wagiriki. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, vitabu vya Wagiriki vilikuwa vinafasiriwa kwa wingi, na al-Kindi, aliyefariki yapata mwaka 870, alikuwa wa kwanza kujulikana kwa kuandika falsafa kwa Kiarabu. Alishikilia kwamba ukweli si wa kuonea haya, hata kama umeletwa na watu wa mbali. Baada yake alikuja al-Farabi, kisha Ibn Sina aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki 1037. Huyu Ibn Sina alikuwa daktari. Kitabu chake kikubwa cha tiba kilisomwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Binti hakukosa kumkumbusha mama yake jambo hilo: "Unaona mama, uuguzi nao umo." Mama yake akamwangalia kwa jicho la pembeni.

Ibn Sina aliuliza swali moja ambalo lilituchelewesha kupika siku hiyo. Fikiria, alisema, mtu ameumbwa ghafla akiwa mzima, lakini yuko hewani, macho yamefunikwa, hasikii chochote, mikono na miguu imetengana haigusani, hata upepo haumgusi. Hajui kama ana mwili. Je, atajua kwamba yeye yupo? Ibn Sina alijibu kwamba atajua, na kwa hiyo ile nafsi inayojijua si sawa na mwili. Mama mmoja akasema huyo mtu hawezi kujua lolote, kwa sababu mtoto anajijua pale mama yake anapomwita jina. Mwingine akasema, na mimba je? Mtoto tumboni yuko katika giza na maji, na anapiga teke. Tulibishana hadi maharage yakashika chini ya sufuria. Hatukumaliza. Wanatuambia kwamba hata wanafalsafa hawajamaliza.

Hadithi ya swala

Lakini kilichotugusa zaidi ni hadithi. Iliandikwa huko Andalus, upande wa Hispania, na daktari aitwaye Ibn Tufayl, aliyefariki mwaka 1185. Inamhusu mtoto Hayy bin Yaqdhan, maana yake Hai mwana wa Aliye Macho, aliye peke yake katika kisiwa kisicho na watu. Swala mmoja jike aliyepoteza mtoto wake anamnyonyesha na kumlea. Mtoto anakua, anajifunza sauti za wanyama, anajifunika majani na manyoya. Akifika miaka saba hivi, swala anazeeka, anadhoofika, anakufa. Mtoto anamwita, haitiki. Anatazama macho, masikio, hakuna jeraha. Basi anafikiri: lazima kuna kitu ndani kilichoharibika, nikikipata nitakitoa na mama atarudi. Anamfungua kifua kwa jiwe lenye makali. Anafika moyoni, anakuta chumba kimoja cha moyo kimejaa damu iliyoganda, na kingine ni kitupu. Anaelewa kwamba yule aliyempenda hakuwa huu mwili, alikuwa yule aliyekaa katika kile chumba kitupu, naye ameshahama. Hajui afanye nini na mwili, mpaka anapomwona kunguru akimfukia kunguru mwenzake.

Tulipoisoma kulikuwa na mama mmoja kutoka kambi ya Kigonze, aliyekuja kuuza majani ya mihogo na kukaa kidogo kivulini. Hatutasema alikimbia kijiji gani. Aliomba turudie pale mtoto anapomwita swala na swala haitiki. Turudie tena. Kisha akasema, "Huyo mtoto hata alipata mwili wa kuzika." Akainuka, akabeba beseni lake, akaenda. Hatukuendelea kusoma siku ile.

Tunaandika jambo hili kwa sababu mzazi mmoja alituambia mambo ya falsafa ni ya watu walioshiba na wenye amani. Labda. Lakini aliyeyaelewa upesi kuliko sisi sote hakuwa ameshiba wala hakuwa na amani.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1671 na kwa Kiingereza mwaka 1708, na kikasomwa sana Ulaya. Siku hizi kinapatikana bure katika simu, kwa Kifaransa pia. Hapo ndipo ilipo faida ya ulimwengu wa leo: maktaba ambayo mwanafunzi wa zamani angesafiri miezi sita kuifikia, binti wa Bunia anaishika mkononi akipata megabaiti na umeme. Lakini simu nayo ina hatari yake. Inasimuliwa kwamba Imamu al-Ghazali (1058–1111), alipokuwa kijana, alivamiwa njiani na wezi wakamnyang'anya mizigo pamoja na madaftari ya masomo yake. Akawafuata akiwalilia wamrudishie karatasi tu, elimu yake yote imo humo. Mkubwa wa wezi akamcheka: elimu gani hiyo, ambayo sisi tukikuchukulia begi wewe unabaki mjinga? Akamrudishia. Al-Ghazali, wanasema, alikaa miaka mitatu akiyatia yote moyoni. Kila mama ambaye simu yake imeibiwa sokoni na namba zote zikaenda nayo anaelewa maneno ya yule mwizi.

Baadaye al-Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, na mwaka 1095 ulimi ukamkauka, akashindwa kufundisha, akaacha cheo na kuondoka. Aliandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa. Karibu miaka mia moja baadaye, Ibn Rushd wa Córdoba, aliyekuwa kadhi na daktari (1126–1198), akaandika kitabu cha kumpinga al-Ghazali. Kitabu dhidi ya kitabu. Tulipenda hapo. Na huyu Ibn Rushd ana neno ambalo chama cha wanawake hakiwezi kuliacha. Akieleza kitabu cha Mgiriki Plato kuhusu mji mwema, alisema kwamba katika miji ya wakati wake wanawake wamewekwa kwa ajili ya kuzaa na kulea tu, uwezo wao mwingine haujulikani kwa kuwa hawakuandaliwa kwa lolote, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya umaskini wa miji hiyo. Hayo yalisemwa katika karne ya 12. Tunaomba kila baba anayesoma gazeti hili kwa kuchungulia mabegani mwa mke wake ayasome mara mbili.

Swali ambalo hatukulikwepa

Mke wa katekista, ambaye tunamshukuru kwa ukweli wake, aliuliza mbele ya wote: "Hii dini si ndiyo ya wale wanaotuua Irumu na Mambasa?" Kulikuwa kimya. Wapo kati yetu wenye jamaa Komanda, ambako mwezi wa saba 2025 waumini waliuawa usiku wakikesha kanisani. Wapo pia wenye buibui ambao tangu miaka hiyo hawakai kwenye basi bila jirani kusogea. Wote wawili walikuwa katika chumba kimoja.

Aliyejibu ni mama mzee Mwislamu. Alisema: "Mwanangu, wale wakija kwangu hawaulizi kama nimeswali. Mimi nami nilikimbia, nikaacha mbuzi na Msahafu." Hakuongeza.

Wala historia si safi yote. Uislamu na Kiswahili vilifika katika msitu wa Ituri pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka upande wa Zanzibar na Maniema. Mwaka 1887 Stanley alipopita msituni alikuta tayari kambi za wakubwa wa misafara hiyo, akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa, na vijiji vilivyochomwa. Lugha yetu iliitwa Kingwana kwa sababu ya waungwana hao. Upande mwingine, kule Kavalli, karibu na ziwa Albert, walikaa askari wa Kisudani wa Emin Pasha pamoja na wake na watoto wao, hadi Mwingereza Lugard alipowachukua mwaka 1891 kwenda Uganda. Wengi wa Wanubi wa Uganda na Kenya ni wajukuu wao. Halafu wakaja Wabelgiji, na shule zilizopewa msaada zilikuwa za misioni. Wazazi wengi Waislamu, hasa Maniema, waliwazuia watoto kwa kuogopa wabadilishwe dini. Vizazi viwili vilikua bila benchi la shule. Tunayoyaona leo, Waislamu wachache kwenye ofisi na wasichana wao wachache zaidi, yana mizizi huko.

Binti hakukataa lolote kati ya hayo. Alisema: ndiyo maana anataka kusoma. Mtoto wa kiume anayepokea dini yake kwa video ya dakika mbili, kutoka kwa mtu asiyemjua, hana kitu cha kupimia. Hajui kwamba wakubwa wa dini walibishana kwa vitabu, na kwamba kadhi wa Córdoba alitaka kwanza dalili na hoja. Sisi hatusemi falsafa inazuia panga. Haizuii. Lakini tuliona kwamba mtoto huyu ana jibu ambalo wengine wetu, tuliokaa msikitini au kanisani miaka arobaini, hatuna.

Mkono nao unasoma

Sasa hiyo kalamu ya tete. Matete tunayo mengi mabondeni. Binti alikata moja, akalikausha, akalichonga ncha kwa mshazari kwa wembe. Wino wa zamani ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga. Masizi hayakutusumbua, kila sufuria ya makala inayo. Gundi hatukuipata, tukajaribu maji ya sukari, na asubuhi tukakuta siafu wadogo wamejipanga juu ya "bismillahi" wakila herufi moja moja. Msirudie kosa letu.

Kanuni ya hati nzuri inahusishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Yeye alipima kila herufi kwa nukta: unaiweka ncha ya kalamu karatasini, inaacha alama yenye pembe nne, na urefu wa alifu unahesabiwa kwa nukta hizo, kisha herufi nyingine zinapimwa kwa duara ambalo alifu ndiyo kipenyo chake. Kwa hiyo hata mkono mdogo na kalamu nene vinatoa herufi zenye uwiano uleule. Maadui zake wa siasa walimkata mkono wa kulia. Wanasema aliifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. Katika jimbo letu, habari ya mkono uliokatwa haisomwi haraka. Kila mtu alitazama chini.

Wanawake walikuwa katika kazi hiyo. Shuhda bint al-Ibari wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1178 akiwa na umri mkubwa, alisifika kwa hati yake na kwa kufundisha hadithi za Mtume, na wanaume walikaa mbele yake kusoma. Walimwita fahari ya wanawake. Karibu nasi zaidi, katika kisiwa cha Pate huko Kenya, mji wa Siyu ulijulikana katika karne ya 18 na 19 kwa kunakili Misahafu yenye mapambo ya rangi. Na mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa sheikh wa Siyu, alipokuwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi ambao unasomwa hadi leo. Tuseme kweli: utendi ule unamfundisha mke kumtii mume kwa namna ambayo nusu ya chama chetu haikuikubali, na nusu nyingine ilisema ninyi mnasoma haraka, mama huyo anamfundisha binti jinsi ya kuishi katika nyumba ya watu. Lakini hakuna aliyebisha kwamba aliyeshika kalamu alikuwa mama, na aliyeandikiwa alikuwa binti.

Kisha kuna michoro ya duara. Kwa kompa, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita bikari, unachora duara moja. Usibadilishe upana wa kompa. Weka ncha mahali popote juu ya mstari wa duara, kata alama, hamia kwenye alama, kata tena. Alama sita, na ya sita inakurudisha pale ulipoanzia. Haizidi, haipungui. Ukiunganisha alama moja na ya pili yake kwa rula unapata nyota, na nyota zikipangwa zinajaza ukuta mzima. Wanaosomesha sanaa hii wanasema ndiyo somo la kwanza la umoja: vingi vinatoka katika kimoja. Mama mmoja ambaye hajawahi kukaa shuleni alichora duara kwa kamba na msumari juu ya udongo wa uwanja wake, akapata nyota kabla yetu. Anasuka mikeka. Alisema hilo alikuwa analijua vidoleni.

Hapo tukakumbuka wanawake wa Wambuti wa upande wa Mambasa na Epulu, ambao huchora mistari juu ya vitambaa vya gome la mti ambalo wanaume wamelipondaponda. Leo vitambaa hivyo vimetundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Si sanaa ya Kiislamu, hatutaki kuchanganya. Tunasema tu kwamba jimbo hili lina mikono inayojua kuchora bila picha ya mtu wala mnyama, na hakuna aliyeiita shule.

Anaweza kusomea wapi?

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi, kwa sababu hapa ndipo penye pesa. Kwanza, mambo haya yanasomwa na watu wazima, katika vyuo vya kweli. London kulifunguliwa mwaka 1984 idara ya sanaa za Kiislamu na za jadi, iliyoanzishwa na profesa Keith Critchlow, na kutokana nayo ikakua shule inayofundisha jiometria, vigae na mapambo ya vitabu. Huko Kabul, shirika la Turquoise Mountain lilianza mwaka 2006 kuwafundisha vijana wa mji uliobomolewa na vita hati, useremala na ufinyanzi, na kazi zao zinauzwa. Mwezi wa kumi na mbili 2021 UNESCO iliandika hati ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Basi si ndoto ya mtoto.

Lakini London na Kabul si za sanduku letu. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifungua milango Mbale mwaka 1988. Kinafundisha masomo ya dini na Kiarabu pamoja na masomo ya kawaida kama ualimu na biashara, kina kampasi ya wanawake Kabojja, Kampala, na kina tawi Arua, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Aru. Tatizo la kwanza ni Kiingereza: watoto wetu wamesoma kwa Kifaransa. La pili ni barabara, nanyi mnaijua. La tatu, falsafa yenyewe na hati hazisomwi popote kama chakula kilichopikwa tayari. Sehemu utaipata chuoni, sehemu kwa mwalimu, sehemu utajitafutia.

Mzee mmoja wa madrasa alitushauri asome ualimu pamoja na dini na Kiarabu, ili mkono mmoja ushike mkate na wa pili ushike kalamu. Baba yake binti alisikia neno "ualimu", akasema walimu wa nchi hii wanalipwa lini? Hatukuwa na jibu.

Kura

Wiki ya tatu tulikutana. Aliyetangulia kusema alikuwa binti mwenyewe, tusiyemtazamia. Alisema: "Mama zangu, mpeni mkunga." Alisema amefikiri, na kwamba mtu anayesoma habari za haki hawezi kuanza kwa kumpita mama anayezaa. Mama yake akaanza kulia, na hatujui hadi leo kama ni kwa furaha au kwa hasira.

Tulipiga kura hata hivyo, maana kanuni ni kanuni. Sanduku lilikwenda kwa mkunga. Lakini sauti si zote, na wale waliopiga kura upande wa kalamu hawakutaka tuandike kwamba mambo yameisha. Mmoja wao alituhadithia habari za Nana Asma'u wa Sokoto, kule Nigeria ya leo, binti wa Usman dan Fodio, aliyefariki mwaka 1864. Mama huyo alitunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, na akawapanga wanawake watu wazima kuja kwake kwa makundi, kujifunza, kisha kurudi vijijini na kufundisha wenzao; kiongozi wa kila kundi alivaa kofia kubwa ya majani ajulikane njiani na asisumbuliwe. Hawakungoja sanduku. "Basi na sisi tuna mkeka," akasema.

Kwa hiyo tangu mwezi uliopita, kila Jumamosi saa nane mchana, binti anafundisha katika uwanja wa mama yake: saa moja ya kusoma na kubishana, saa moja ya kompa na kalamu. Kila mmoja analeta kiasi anachoweza, na pesa zinaandikwa katika kaye yake kwa ajili ya masomo ya Kiingereza na nauli ya mwaka ujao. Wamekuja kumi na wanne, watano kati yao Wakristo, na mmoja ni yule mkunga wetu mtarajiwa, ambaye anaonekana kumpenda Ibn Sina kuliko wote. Yule mama wa Kigonze amerudi mara mbili. Baba bado anasema uuguzi. Jumamosi iliyopita alipita uwanjani, akasimama nyuma, akamwomba mtoto wa jirani kompa, akachora duara moja juu ya mkono wa kiti, akairudisha bila kusema neno.

Jumamosi ijayo tunasoma pale Hayy anapogundua moto. Wenye masizi ya sufuria wasiyatupe, na kama kuna anayejua mgunga unaotoa gundi nzuri karibu na mji, amwambie mwekahazina.